Supu ya Enora

Neža Kobal alifika Liège mwezi wa Septemba, viola yake mgongoni na sanduku lililovunjika gurudumu mkononi, na mtu wa kwanza kumcheka katika mji ule alikuwa Enora. Alimchekea dirishani, ghorofa ya tatu, akimtazama anavyolikokota sanduku juu ya mawe ya kile kichochoro cha mlimani.

"Dada, kwa mwendo huo utafika Krismasi!" alimpigia kelele. "Kaa hapo hapo, nashuka."

Alishuka miguu mitupu, akashika upande mmoja wa sanduku, na mpaka wanafika juu walikuwa wameshajuana. Neža alitoka Idrija, mji mdogo wa milimani huko Slovenia, akaja kusoma muziki kwa mwaka mmoja. Enora alikuwa Mbretoni wa Quimper, mwaka wa nne wa udaktari wa mifugo. Kwao Ufaransa alikosa nafasi, Wabelgiji wakamchukua. Nyumba ilikuwa ya Bwana Thonnard, nyembamba na ndefu, na wao wawili walikaa juu kabisa, chini ya paa: vyumba viwili, jiko, na bafu katikati.

Waliivana upesi. Enora ndiye aliyemwonyesha kibanda cha chipsi cha ng'ambo ya daraja, ambako mipira ya nyama huogelea katika mchuzi mtamu mweusi. Ndiye aliyemfundisha kupeleka nguo kwenye mashine za kufulia Jumapili asubuhi, wenye hangova wakiwa bado vitandani. Kila siku alipanda basi kwenda chuoni kwake kule kilimani, kwenye mazizi na maabara, akarudi giza likiingia, ananuka ng'ombe.

"Leo nimeingiza mkono mpaka begani," angesema akitupa buti mlangoni. "Wewe je?"

"Nimepiga ukurasa mmoja."

"Siku nzima?"

"Ukurasa mgumu."

"Nilikusikia kabla sijatoka. Ng'ombe wako leo alilia vizuri."

Viola ni ndugu wa fidla, mnene kidogo na mzito wa sauti, na tangu siku ya kwanza Enora hakuiita jina lingine isipokuwa ng'ombe. Neža alicheka. Kwao walikuwa wanamheshimu sana kwa kupiga viola, na heshima ile ilimchosha.

Baada ya buti, ilifuata supu. Liki, viazi, shayiri, na mfupa kama upo. Enora alipika kama bibi yake, bila kupima kitu, akiimba ovyo, na Neža alikaa mezani akimenya alichoambiwa amenye. Rafu ya chini ya friji ilikuwa ya Enora peke yake, kwa sababu mwisho wa juma alifanya mazoezi kwa daktari mmoja wa mashambani na kulikuwa na vichupa vya kubeba.

"Hiki cha kahawia usikiguse," alimwambia. "Kinalaza farasi. Wewe kingekulaza mpaka Pasaka."

Walicheka pia kwa hilo.

Mwishoni mwa Oktoba saa zilirudishwa nyuma, kama wafanyavyo Ulaya kila mwaka, na jua likawa linazama kabla Enora hajapanda basi la kurudi. Mwezi uliofuata mafundi walikuja kutengeneza paa la nyumba ya jirani, iliyobanana na yao ukuta kwa ukuta. Walisimamisha vyuma mpaka juu, wakafunika kila kitu kwa karatasi kubwa la plastiki, kisha mvua ikawafukuza wakaenda kazi nyingine. Plastiki ilibaki. Upepo ukipanda kutoka mtoni, ilijaa na kupungua, ikajaa na kupungua, na mwanga wa chumba cha Neža ukageuka rangi ya maji yaliyooshewa mchele.

"Kama tumo tumboni mwa mnyama," alisema Neža.

"Mimi niliyewahi kuingia tumboni mwa mnyama nakuambia kuna joto zaidi," alijibu Enora.

Baridi kweli ilikuwa kali. Walibana nguo kuukuu kwenye nyufa za madirisha. Na kwa kuwa vidole vya baridi havipigi viola, Neža alijizoesha jambo: kila asubuhi, Enora akishaondoka, alijaza sinki la bafuni maji ya moto, akazamisha mikono mpaka viwiko, akayabadilisha yakipoa, muda mrefu, hita ya gesi iliyochemsha maji ikinguruma ukutani juu ya kichwa chake. Kisha aliacha mlango wa bafu wazi ili joto limfuate chumbani, akaanza kazi.

Kichwa kilianza kumuuma wiki hiyo.

Hakukijali. Nani asiyeumwa kichwa mwezi wa Novemba? Lakini kilirudi kesho yake, na keshokutwa, mshipa mmoja ukigonga nyuma ya jicho, na tumbo likipanda na kushuka kama yuko garini kwenye kona za kwao. Alikunywa maji. Alikunywa vidonge. Alilala mchana akaamka amechoka kuliko alivyolala. Na siku moja, mbele ya Profesa Marchal, katikati ya kipande alichokijua tangu ana miaka kumi na minne, mkono wa kushoto ulisimama tu. Noti iliyofuata haikuwepo. Aliitafuta kichwani akakuta ukungu.

Profesa Marchal alikuwa mwanamke mpole asiyependa maneno. Alisubiri, kisha akauliza, "Unalala?"

"Nalala sana, Profesa."

"Unakula?"

"Nakula. Mwenzangu ananipikia."

"Basi nenda pumzika. Lakini Jumamosi ya tatu ya Desemba una mtihani, na siwezi kukupigia mimi."

Mwisho wa juma lile wanafunzi wa muziki walipelekwa mji wa Gent kupiga katika kanisa moja. Neža alienda akiwa ameshajikatia tamaa, na huko, ajabu, kichwa kilitulia. Alikula vizuri. Alipiga vizuri. Jumapili jioni alirudi nyumbani anapanda ngazi akiimba, akala supu, akalala. Jumatatu adhuhuri alikuwa sakafuni bafuni, anatapika.

Alimpigia mama yake.

"Umepata mimba?" mama aliuliza kwanza.

"Mama!"

"Nauliza tu. Mikono je? Inatetemeka?"

Neža aliuangalia mkono wake. "Kidogo."

Idrija ni mji wa zebaki. Watu walichimba zebaki chini ya nyumba zao vizazi na vizazi mpaka mgodi ukafungwa, na baba wa mama yake Neža alikuwa mchimbaji. Neža alimkumbuka mzee yule akinywa kahawa kwa mrija kwa sababu kikombe hakikai mkononi.

"Babu yako alianza hivyo hivyo," mama alisema taratibu. "Kichwa, tumbo, kusahau. Kisha hasira, anamtuhumu kila mtu. Mwanangu, unakula kwa nani huko?"

Lilikuwa swali la mama tu. Lakini likiingia sikioni mwa mtu anayeumwa, swali kama hilo halitoki.

Neža aliliwaza usiku kucha na asubuhi yake. Gent nilikuwa mzima. Chuoni, nikikaa mpaka saa sita, naanza kupata nafuu. Nikirudi hapa naumwa. Hapa kuna nini? Kuna supu. Akamkumbuka Enora akicheka: kingekulaza mpaka Pasaka. Aliona aibu kwa kuwaza hivyo, akajiambia ni upuuzi. Jioni, hata hivyo, badala ya kumenya viazi alisimama mlangoni mwa jiko, anaangalia mikono ya mwenzake.

"Mbona unanisimamia kama polisi?" Enora aliuliza.

"Naangalia tu."

"Angalia ukiwa na kisu. Karoti hizo hapo."

Alikula vijiko vitatu, akasema ameshiba. Enora alipoenda kuvua nguo za zizini, Neža alimwaga iliyobaki kwenye sinki. Aligeuka akamkuta Enora mlangoni, amesimama na soksi moja mkononi. Alilitazama bakuli, akamtazama Neža, akaenda chumbani kwake. Baada ya muda ulisikika ufunguo ukizungushwa kwa ndani. Tangu Septemba mlango ule haukuwahi kufungwa kwa ufunguo.

Kuanzia hapo nyumba ilibadilika. Enora hakuimba tena akipika. Alikuja amechelewa, macho mekundu, akijibu kwa neno moja. Asubuhi moja, kabla hapajakucha sawasawa, Neža alisikia maji yanatiririka jikoni hayakomi, akaenda kuangalia. Enora alikuwa amesimama mbele ya bomba gizani, koti limevaliwa nusu, anatazama ukuta.

"Enora?"

Hakugeuka.

"Enora, unafanya nini?"

"Sijui," alisema. Aligeuza uso polepole, na kwa sekunde kadhaa alimtazama Neža kama mtu asiyemjua. "Nilikuja kuchukua kitu." Alifunga bomba, akatoka, akasahau mkoba wake mezani, hakuurudia.

Neža alirudi kitandani. Nje plastiki ya jirani ilikuwa inavuta pumzi na kuitoa. Tangu siku ile alikula mkate na jibini alivyonunua mwenyewe, akavificha chini ya kitanda, na maji alikunywa moja kwa moja kutoka bombani. Lakini hakupona, na jambo hilo lingemzindua mtu mwenye akili timamu. Yeye lilimtisha zaidi tu. Atakuwa anaweka kwenye mswaki, aliwaza. Atakuwa anaweka kwenye chumvi. Mkono wa kushoto ulikuwa unatetemeka sasa hata akiupumzisha pajani.

Siku mbili tatu kabla ya mtihani Bwana Thonnard alipita, kofia yake ya ngozi mkononi, mtu mkubwa mwenye sauti ya kujaza ngazi. Neža alimwambia hajisikii vizuri humu ndani. Hakuthubutu kusema zaidi.

"Binti yangu," alisema Thonnard, "wanafunzi wote huumwa mwezi wa Desemba. Januari wakishafaulu wanapona. Fungua dirisha kidogo, kula nyama, mtafute mchumba." Alicheka, akagonga fremu ya mlango kwa kiganja kama anayempapasa farasi, akashuka.

Chini kabisa ya nyumba aliishi Bi Léonie, mjane wa miaka zaidi ya themanini, na paka wake wa kijivu aliyeitwa Pasha. Pasha alikuwa paka wa nyumba nzima. Alipanda ngazi apendavyo, na tangu baridi iingie alikuwa amechagua kapu la nguo chafu bafuni kwa wasichana, chini ya hita, kuwa kitanda chake cha mchana.

Jumamosi ya mtihani Enora alikuwa wa kwanza kuamka. Neža alisikia mlango wa bafu, kisha kimya, kisha jina lake.

"Neža. Njoo."

Pasha alikuwa amejikunja kwenye kapu kama kawaida yake, mkia puani. Enora alipiga magoti, akamgusa, akamgeuza. Alikuwa amekufa, amekauka kama gogo. Enora akainua mdomo wa juu wa paka kwa kidole gumba, akaangalia fizi, akakunja uso. Aliachia, akainua tena. Fizi zilikuwa nyekundu, nyekundu ya tunda bivu, kama za mnyama aliyetoka kukimbia.

"Hii si kawaida," alisema kwa sauti ya chini. "Mfu hawi hivi." Alikisugua kipaji cha uso wake kwa nguvu, kama anayetafuta kitu humo ndani. "Nakijua hiki kitu. Tumesoma. Nini... nini vile..."

"Ulimpa nini?" Neža aliuliza.

"Nini?"

"Pasha. Ulimpa nini?"

Enora aliinua macho. Alikuwa mweupe, midomo imepasuka. "Mimi nimpe nini paka wa Bi Léonie?"

"Unachonipa mimi."

Maneno yakishatoka hayarudi. Enora alibaki amepiga magoti na yule paka mapajani, na Neža aliona uso wake ukielewa taratibu, kipande kwa kipande.

"Ndiyo maana unamwaga supu," alisema. "Ndiyo maana unalala na mkate chini ya kitanda kama panya. Wewe unafikiri nakuwekea sumu."

"Tumbo langu linafikiri hivyo. Mkono wangu unafikiri hivyo. Uangalie!"

"Mungu wangu." Enora alicheka, kicheko kibaya kilichoishia kwenye kikohozi. "Unajua mimi nilikuwa nafikiri nini? Kwamba umerukwa na akili. Wiki ngapi hizi unanitazama mikono. Nimekuwa nafunga mlango wangu kwa kukuogopa wewe, mtoto wa watu, na kigoda nyuma yake!"

"Mwache paka hapo."

"Simwachi. Nampeleka chuoni, nijue kimemuua nini."

"Ili ufute ushahidi."

Enora alisimama na paka mikononi. Alimfunga Pasha kwa taulo lake mwenyewe, akamtia katika mfuko, akavaa buti bila kufunga kamba, akatoka. Mlango wao wa ngazini ulibamizwa mpaka vioo vikalia.

Neža alizungusha ufunguo mara mbili, akaweka na mnyororo. Hapo ndipo alipojisikia salama kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi. Mtihani ulikuwa mchana. Aliamua atafanya vizuri kuwakomoa wote. Aliingia bafuni, akafungua maji ya moto, si ya sinki tu leo, bali beseni zima la kuogea, na hita ikawaka kwa mshindo na kuanza kunguruma. Mlango alifunga, mvuke usitoke. Alilala majini na kuipitia mistari ya kwanza kichwani, na mistari ilikuja, kisha ikaacha kuja, na hakujali sana.

Simu iliyokuwa juu ya kiti ikalia. Enora. Aliitazama mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Enora. Alinyosha mkono, mkono mzito kama wa mtu mwingine, akaigeuza uso chini.

Enora wakati huo alikuwa basini. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, mfuko mapajani, analia kwa hasira, na dereva alikuwa ameacha mlango wa katikati unavuja upepo wa baridi uliompiga usoni moja kwa moja. Mji ukabaki chini, basi likapanda msituni, na kwa kila kona kichwa chake kilizidi kuwa chepesi. Ndipo kilipomjia, bila kukitafuta: ukumbi wa mihadhara, mwaka wa pili, picha ya ndama waliokufa katika zizi lililofungwa na jiko la makaa. Fizi nyekundu. Damu iliyobeba kitu kisicho hewa, ikawa nyekundu kuliko damu ya uzima. Mnyama anakufa na rangi nzuri.

Si supu. Ni hita. Wanavuta moshi wake kila siku, wote wawili, na Neža anashinda humo ndani.

Neža hakupokea. Enora akawaita zimamoto, akasema anwani mara mbili, kisha akampigia Bi Léonie, ambaye alikuwa bado hajajua kwamba paka wake hayupo.

"Bi Léonie, ni Enora wa juu. Nisikilize vizuri. Kwenye stoo ya chini kuna bomba la gesi, lina mpini wa manjano. Ufunge. Fungua mlango wa barabarani, uache wazi. Kisha mpigie kelele Neža atoke."

"Kuna nini, binti?"

"Hewa mbaya. Usiingie ndani kwetu, piga kelele tu."

Bi Léonie alikuwa amezaliwa katika mji wa migodi ya makaa. Maneno hayo mawili yalimtosha. Alishuka stoo ameshikilia ukuta, akaugeuza ule mpini kwa mikono miwili. Kisha akapanda ngazi zote zile alizokuwa hajazipanda miaka, akaanza kuupiga mlango kwa bakora.

Neža alisikia hita ikizimika. Alisikia bakora. Alijua ni vizuri kuinuka, akainuka, maji yakamwagika, magoti yakakataa, akajikuta sakafuni shavu juu ya vigae. Vigae vilikuwa baridi na vizuri.

"Fungua, binti!" ilisema sauti ya mzee kutoka mbali. "Rafiki yako anasema ufungue!"

Rafiki yangu, aliwaza Neža. Akaushika mguu wa kiti kwa nguvu zote zilizobaki, asije akafungua.

Zimamoto waliuvunja mlango kwa shoka, mnyororo na vyote. Kipimo kilichokuwa shingoni mwa wa kwanza kilianza kulia kabla hajavuka kizingiti. Walimtoa Neža amefungwa blanketi, uso una rangi nzuri ya afya, na mmoja wao, kijana wa Seraing, alimwambia mwenzake baadaye kwamba rangi hiyo ndiyo inayomnyima usingizi.

Hospitali walimweka katika chumba cha chuma kinachosukuma hewa safi ndani ya damu. Alizinduka jioni. Alijua jina lake, akajua mwaka. Hakujua aliwahi kwenda Gent.

Maelezo yalikuja siku zilizofuata, na hayakuwa na ajabu. Dohani ya hita ilitokea juu ya paa, kwenye ukuta wa pamoja na jirani. Mafundi waliona shimo la zamani, wakadhani halitumiki, wakalifunika na plastiki pamoja na vingine. Moshi uliokosa njia ya kwenda juu ulirudi chini. Hauna harufu. Na wasichana walikuwa wameziba kila ufa kwa nguo. Bwana Thonnard aliwaambia polisi jambo hili la nguo mara nyingi, kofia mkononi, kwa masikitiko. Mwenye kampuni ya paa alisema hakuonyeshwa ramani. Mafundi wenyewe walikuwa wameshahamia mji mwingine. Kila mmoja alikuwa na jibu, na majibu yote yalikuwa kweli.

Bi Léonie alimzika Pasha katika kibustani cha nyuma. Hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba migodini kwao zamani walikuwa wakitanguliza ndege, ili hewa mbaya imuue yeye kwanza.

Mtihani Neža hakuufanya. Mwezi mzima kichwa kilikuwa kama chumba kilichohamwa, na mama yake alikuja kutoka Idrija akakaa naye katika chumba cha kupanga upande wa pili wa mto, akimwosha nywele kama mtoto. Kutetemeka kwa mkono kulipungua, hakukuisha. Profesa Marchal alimpa vipande vya wanaoanza, naye akavipiga kwa subira, noti moja, noti ya pili, akijaribu kutosikia alivyokuwa akipiga zamani.

Enora hakukaa hospitali ila usiku mmoja. Alihamia bwenini kilimani, karibu na mazizi. Walitumiana salamu, fupi, za adabu. Wakati wote wa baridi hawakuonana.

Ilikuwa Mei walipokutana, na hawakupanga. Neža alikuwa kwenye foleni ya kibanda cha chipsi na Enora akawa nyuma yake. Wakanunua pakiti moja ya wawili, kwa mazoea, wakaona aibu wote kwa kuagiza hivyo, wakaenda kukaa kwenye ngazi za ukingo wa mto Meuse. Boti ya mizigo ilipita imebeba mchanga. Jua lilikuwa kali.

"Mkono vipi?" Enora aliuliza.

"Unanitii ukitaka."

"Bado unapiga ng'ombe?"

"Ndama," alisema Neža, na wakacheka kidogo. Kisha akasema alilokuwa amelibeba tangu Desemba. "Nisamehe, Enora. Ulikuwa unanilisha, nikakuita muuaji. Na ulipopiga simu, niliona jina lako. Niliigeuza chini."

"Daktari alisema ilikuwa hewa. Ubongo ulikosa hewa."

"Sehemu ilikuwa hewa."

Enora aligeuza kijiti cha chipsi vidoleni. Alikula moja, akatafuna muda mrefu kuliko inavyohitaji chipsi.

"Mimi nina langu," alisema. "Sijamwambia mtu. Nilipokumbuka mle basini, wale ndama, nilijua papo hapo. Nilijua uko bafuni, maana kila ukiwa na jambo unaoga kwanza. Nikatoa simu. Na sikupiga."

Neža aliacha kula.

"Nilikaa nayo mkononi. Kituo kimoja kikapita, watu wakashuka. Cha pili kikapita. Nilikuwa na hasira, Neža, hujui hasira niliyokuwa nayo. Nilikuwa nawaza, acha aumwe kichwa. Acha aone sumu ni nini. Kisha mtoto mmoja akaniuliza nina nini kwenye mfuko, ndipo nikapiga." Aliufuta mkono wake kwenye suruali. "Hewa ya mlimani ni safi. Kichwa changu kilikuwa kizima kabisa. Kwa hiyo mimi siwezi kusema ilikuwa hewa."

Boti ilikuwa imeshapita, na mawimbi yake ndiyo kwanza yanafika ukingoni, yakipiga ngazi ya chini. Neža alitazama mkono wake wa kushoto ukiwa juu ya goti, ule usiokaa kimya. Alifikiri kuuliza vituo viwili ni muda gani. Aliona hataki kujua.

"Zinapoa," alisema mwishowe, na akasukuma pakiti katikati yao.

Enora alichukua moja. Walikula mpaka zikaisha, kisha Enora akasema basi lake limekaribia, akasimama, wakabusiana mashavu kama wanavyobusiana watu wote wa mji ule. Juni alirudi Quimper kufanya kazi na daktari wa ng'ombe, na Neža akarudi Idrija. Huwa wanaandikiana kila mwaka mpya.